Sura ya Saba: Kuhesabu Mlangoni

Alikuja jioni, saa kumi na mbili kasoro, joto la Mbagala likianza kulegea na muuza kahawa akipita huku akigonganisha vikombe vyake. Mama yake ni jirani yangu, na binti mwenyewe namfahamu tangu akiwa darasa la tatu. Sasa yuko mwaka wa pili, anasomea ualimu wa fizikia na hisabati Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, pale Chang'ombe. Akaweka vitu vitatu kibarazani: bunda la karatasi lililobaindiwa kwa spirali, kitabu kinene ambacho mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa nailoni, na simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo una mzigo."

"Kalkulasi ya vekta. Hili ni desa la darasani, hiki nimeazima kwa kaka mmoja wa mwaka wa tatu, na humu kwenye simu nina vitabu kumi na vinne vya softikopi. Nisome kipi?"

Katika miaka niliyofundisha tuisheni huku Temeke, swali hili limegeuka kichwa chini. Zamani wanafunzi waliniuliza kitabu kinapatikana wapi. Nakala zilikuwa mbili, moja imechanwa kurasa za theoremu zenyewe, ya pili ina foleni. Siku hizi wanauliza waache vipi. Aliyekuwa nacho kimoja alikisoma hadi mwisho kwa kukosa pa kukimbilia. Mwenye kumi na vinne husoma dibaji kumi na nne. Wahenga walimwonya mshika mawili. Mshika kumi na vinne hawakuwahi kumwona.

Sikumjibu kwa jina la kitabu. Nilimwambia afungue vyote, desa likiwemo, kwenye theoremu moja tu, ile ya Gauss, kisha anisomee kila mwandishi anaianzaje. Desa lilianza na mlinganyo wenye alama tatu za intigrali upande mmoja na mbili upande wa pili, na chini yake neno "thibitisha". Kitabu cha kuazima kilianza na masharti mistari sita: uso uwe hivi, uga uwe vile. Kwenye simu, cha nne tulichofungua kilianza na mchoro wa kisanduku chenye mishale inayoingia na kutoka.

"Simama hapo," nikamwambia. "Huyu anajua anachokieleza."

Maana theoremu ya Gauss ni hesabu ya mlangoni, na kila mtu wa Mbagala anaijua kabla hajaenda shule. Daladala inatoka Rangi Tatu kwenda Kariakoo. Konda amening'inia mlangoni, mgongo kwa abiria, na hata siku moja hukumwona akigeuka kuhesabu vichwa. Anachohesabu ni wanaopanda na wanaoshuka. Walioingia ukitoa waliotoka ndiyo idadi iliyoongezeka ndani, basi. Theoremu inasema hivyohivyo kwa maji, joto, umeme na hewa: jumla ya yanayotokea kila nukta ya ndani inasomeka yote mpakani, bila kuingia. Binamu zake, theoremu ya Green na ya Stokes, husema jambo hilohilo kwa mzunguko: ukitaka kujua jinsi maji yanavyosokoteka ndani ya eneo zima, inatosha kutembea ukingoni mara moja. Somo zima, mihula miwili ya jasho, linapanda mpaka kwenye wazo hilo moja. Ndiyo maana napima kitabu hapo kwanza. Mwandishi asiyekuonyesha mlango amekupa hesabu bila basi.

*

Nieleze maneno nitakayotumia, kwa kuwa Kiswahili cha somo hili bado kinajengwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na wanafizikia wetu walishapata neno zuri la "uga" kwa eneo ambalo kila nukta yake ina nguvu au mwendo. Mengine natumia yangu ya kibarazani. Kile kinachoonyesha upande wa kupanda kwa kasi kuliko pote nakiita mwinuko. Kile kinachopima kama maji yanachipuka au yanamezwa mahali nakiita mtawanyiko. Na cha tatu, kinachopima kuzunguka, nakiita msokoto, kwa heshima ya wasusi wote wa Tandika.

Tuchukue Mto Msimbazi. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti na Kigogo, unatanuka pale bondeni Jangwani, kisha unaingia baharini penye daraja la Salenda. Weka mshale kwenye kila nukta ya maji yake, urefu wake ukionyesha kasi na ncha yake ikionyesha upande. Huo ndio uga wa vekta. Mahali vijito vya Ubungo na Sinza vinapomwaga humo, ukiutazama mto kutoka juu kama karatasi, kuna mtawanyiko. Na msokoto je? Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka, kwa sababu wanadhani pasipo na kimbunga hakuna msokoto. Dondosha kizibo cha soda kwenye mfereji ulionyooka kama rula, karibu na ukuta. Katikati maji yanakimbia, ukutani yanaburuta miguu, na kizibo kinazunguka huku kikisafiri. Mfereji umenyooka na msokoto upo. Kitabu chenye gurudumu dogo la makasia kwenye mchoro wake kinakueleza hilo kwa aya moja. Kitabu kinachokupa jedwali la alama tatu kwa tatu na kukwambia "panua" kitakupitisha mtihani, lakini kizibo hutakiona kamwe.

Desemba 2011, mvua zilipojaza bonde lile na kuua watu zaidi ya 40 jijini, familia nyingi za Jangwani zilihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Mhandisi anayetaka kujua bonde litajaa kwa kiasi gani hatapiga mbizi na futi. Atapima kinachoingia juu na kwenye vijito, atapima kinachotoka Salenda, na mvua inayoanguka juu ya uso wote. Tofauti ndiyo inayopanda kwenye kuta za nyumba. Kama maji ya bahari yamejaa na mlango wa Salenda hautoi maji ipasavyo, hesabu ya mlangoni inakupa jibu kabla diwani hajafika.

Na mvua yenyewe ni somo. Bati lililolala na bati lililoinama, likiwa na ukubwa uleule, hayapokei mvua sawa. Na upepo wa kusi ukiisukuma mvua kutoka upande, hesabu inageuka, bati linaloitazama mvua linapokea zaidi. Kipimo hicho cha kiasi kinachopenya uso kwa kutegemea uso umegeukia wapi ndicho kinachoitwa flaksi. Mtoto aliyelala Yombo chini ya bati lenye tundu anaielewa flaksi kwa mwili. Kazi ya kitabu ni kumfanya aitambue anapoiona imevaa alama.

*

Desa lina sifa mbaya kuliko linavyostahili. Kwa msomaji ambaye hakupita vyuo vyetu: desa ni zile karatasi za mhadhara, zilizoandikwa na mwalimu au kunakiliwa na mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri, zinazotolewa kopi kwenye steshenari mwaka baada ya mwaka mpaka herufi zinafifia. Wakubwa hulikemea, husema vijana hawasomi vitabu.

Lakini kalkulasi ya vekta yenyewe ilizaliwa kama desa. Josiah Willard Gibbs, mwalimu wa chuo cha Yale huko Marekani, alikutana na mfumo wa mwanahisabati Hamilton wa kuanzia 1843, ule wa namba zenye sehemu nne. Akakata alichokihitaji, akaunda alama zake mwenyewe, nukta kwa zao moja na mkasi kwa zao la pili, akachapisha kijitabu kwa gharama zake, sehemu ya kwanza 1881 na ya pili 1884, kwa ajili ya darasa lake. Hakukipeleka dukani. Aligawa, na nakala zikasafiri kwa mkono na kwa posta mpaka moja ikamfikia Oliver Heaviside wa Uingereza, fundi wa telegrafu aliyeacha shule akiwa na miaka 16, ambaye kwa upande wake alikuwa ameshabuni karibu mambo yaleyale akiwa peke yake. Gibbs hakuwa na hamu ya kuandika kitabu kamili. Aliyekiandika ni mwanafunzi, Edwin Bidwell Wilson, akitegemea mihadhara ya mwalimu wake. Kikatoka 1901, Wilson akiwa na miaka 22. Yaani kitabu cha kwanza cha somo hili kwa sura tunayoijua ni daftari la kijana lililosafishwa.

Na pepa za mitihani iliyopita, ambazo nazo hukemewa? William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alimwandikia George Stokes barua Julai 1850 yenye kanuni moja mwishoni. Stokes akaitoa hadharani kwa mara ya kwanza Februari 1854 kama swali la mtihani wa Tuzo ya Smith, Cambridge. Miongoni mwa watahiniwa alikuwemo James Clerk Maxwell, ambaye baadaye aliijenga nadharia yake ya umeme na sumaku juu ya mawazo hayo. Theoremu ya Stokes, kwa hiyo, ilianza maisha kama swali la pepa.

Green, yule mwenye theoremu, ndiye ninayempenda. Alikuwa mtoto wa mwoka mikate, msaga unga wa Sneinton, kando ya mji wa Nottingham, na shule aliyosoma utotoni haikuzidi sana mwaka mmoja. Mwaka 1823 alijiunga na maktaba ya kulipia ada, akasoma peke yake ghorofani kwenye kinu cha upepo. Mwaka 1828 alitoa insha yake kwa michango ya wasomaji 51, na wengi wao, nina hakika, walimchangia kama unavyomchangia kijana wa mtaani anayerekodi albamu: kwa upendo, bila kusikiliza. Alifika Cambridge kama mwanafunzi akiwa na miaka 40, akafariki 1841, na insha ilijulikana kwa wakubwa baada ya Thomson kuipata mwaka 1845. Nikikutana na fundi wa Keko anayesoma usiku baada ya kufunga karakana, namwambia habari za kinu.

Basi desa halina kosa la kuwa desa. Kosa lake ni kwamba katika kunakiliwa na kunakiliwa tena, kitu cha kwanza kupotea ni picha. Mlinganyo huandikwa haraka. Gurudumu la makasia na kisanduku chenye mishale huachwa ubaoni, vikafutwa na dasta. Unapotafuta kitabu cha kukaa pembeni ya desa, tafuta kile kinachorudisha kilichofutwa.

*

Cha kwanza kwa kazi hiyo, kwa maoni yangu, ni cha H. M. Schey, *Div, Grad, Curl, and All That*, kilichotoka 1973. Ni chembamba, hakifiki kurasa 200. Kinaanza na chaji za umeme na hakiziachii, kila dhana inaletwa kwa sababu umeme umeihitaji. Mpangilio wake ni wa kushangaza: mtawanyiko kwanza, msokoto baadaye, mwinuko mwishoni, kinyume na karibu vitabu vyote. Kwa mwanafunzi wa fizikia kama binti wa jirani yangu, kitabu hiki ni rafiki anayezungumza. Kwa mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi asiyejali chaji, kinaweza kumchosha, na mazoezi yake ni machache.

Mazoezi yako kwa Murray Spiegel. Kitabu chake cha vekta katika mfululizo wa Schaum kilitoka 1959 na kina maswali 480 yaliyofanywa hatua kwa hatua. Hakuna kitabu kilichookoa watu wengi wasidisko, yaani wasifukuzwe chuo kwa kufeli, katika nchi hii kama Schaum, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Nadharia kwa kurasa chache, halafu swali, jibu, swali, jibu. Picha za maelezo ni haba. Hatari yake naiita ugonjwa wa kuitikia. Unasoma swali, unasoma jibu, unatikisa kichwa, "ndiyo, ndiyo," kama mtu kwenye kikao cha mtaa. Saa mbili zimepita, maswali 30 yamepita, na kalamu bado ina kofia. Siku ya mtihani unagundua ulikuwa unamsikiliza Spiegel akifaulu. Dawa ni ya bei ndogo: kipande cha boksi. Funika jibu, fanya, funua mstari mmoja, endelea.

K. A. Stroud, aliyefundisha Coventry, aliijenga dawa hiyo ndani ya kitabu. *Engineering Mathematics* ya 1970 imekatwa vipande vidogo vyenye namba; kila kipande kinakuuliza kitu, na jibu linakaa kwenye kipande kinachofuata. Vekta za kiwango tunachozungumzia ziko kwenye kitabu chake cha pili, cha hisabati ya juu, na watu hununua cha kwanza kwa makosa. Wenye kujiona hukidharau, husema ni cha watoto. Mimi nimeona kinavyofanya kazi kwa mtu aliyetoka kazini Tandika saa mbili usiku, kichwa kizito, hana mwalimu wa kumpigia simu. Sentensi zake ni fupi. Hilo nitalirudia hapa chini kwa sababu lina uzito zaidi ya linavyoonekana.

Erwin Kreyszig, 1962 na matoleo mengi tangu hapo, ndicho kitabu ambacho wahandisi huweka mezani ili waonekane wahandisi. Ni kizuri kweli, lakini kwenye toleo la kumi vekta zinakaa sura mbili tu, ya 9 na ya 10, kati ya 25. Enzi zangu kopi ilikuwa shilingi 50 kwa ukurasa, na kitabu kina kurasa zaidi ya 1,000. Piga hesabu mwenyewe, halafu ongeza spirali, ambayo haitashika. Kinunue ukishaajiriwa. James Stewart naye, kwenye kitabu chake cha kalkulasi, sura ya 16 ya vekta ni safi, ina rangi, na kila toleo jipya lina maswali yaleyale yaliyobadilishwa namba. Alijijengea Toronto nyumba maarufu aliyoiita kwa jina la intigrali. Toleo la zamani la mtumba linatosha kabisa, theoremu ya Green haijabadilika tangu karne ya 19. Tatizo ni moja: mwalimu akisema "fanyeni la 14," la kwako litakuwa la 22, kwa hiyo piga picha ukurasa wa mwenzako. Marsden na Tromba ni wa mtu anayependa hisabati kwa ajili ya hisabati. Vitabu vya Kihindi, vya Grewal na vya Dass, ni Schaum iliyonona: maswali tele, bei ya kibinadamu, karatasi nyepesi.

Cha bure na cha halali kipo pia, na nashangaa jinsi ambavyo hakijulikani. Michael Corral wa Michigan alitoa *Vector Calculus* yake 2008 kwa leseni inayoruhusu yeyote kukinakili na kukichapa. Kina kurasa kama mia mbili hivi, kinasomeka. OpenStax walitoa juzuu tatu za kalkulasi mwaka 2016, Gilbert Strang akiwa mmoja wa waandishi wakuu, na sura ya 6 ya juzuu ya tatu ndiyo somo letu lote. Mihadhara ya Denis Auroux ya MIT ya mwaka 2007 iko mtandaoni, ubao kwa ubao. Wanafunzi wangu hubeba softikopi zilizoibwa za vitabu ambavyo hawatavisoma, na kuviacha hivi ambavyo wenyewe wamesema chukueni. Peleka sura moja ya Corral steshenari, itoe upande mmoja wa karatasi, na ule mweupe uutumie kufanyia maswali.

Kwa anayetaka kushika kabla ya kununua: Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi, iliyofunguliwa 1967, na ile mpya ya Chuo Kikuu, Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2018, yenye nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja. Kutoka Mbagala hadi Mlimani ni safari, lakini nenda na jina la kitabu na ukurasa unaoutafuta, usiende "kuangalia vitabu". Na mkopo wa Bodi ya Mikopo una kipengele chake cha vitabu na viandikwa. Najua kinakoishia. Nilikuwa kijana.

*

Sasa zile sentensi fupi. Mtoto wa hapa anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kinageuka Kiingereza. Akifika chuoni ameshazoea kuvuka kitabu kwa kuruka aya na kutua kwenye milinganyo, kama mtu anayevuka mfereji kwa mawe. Vitabu vya Marekani vimejaa aya. Mwandishi anatania, anasimulia, anazunguka, na mwanafunzi wetu anaruka, na ndani ya aya aliyoiruka ndimo lilimokuwa wazo. Ndiyo maana nasema usichague kitabu kwa sifa za mabingwa wa huko waliko. Soma ukurasa mmoja kwa sauti, wa maneno, sio wa alama. Kama umesimama kwa kamusi zaidi ya mara tatu, kitabu hicho ni kizuri kwa mtu mwingine.

Mitego mingine haiko hata kwenye kamusi. Mshale uliosimama wima juu ya uso, ule unaoamua flaksi, kwa Kiingereza unaitwa kwa neno lilelile la "kawaida". Kijana mmoja wa chuo cha ufundi alifanya maswali ya muhula mzima akidhani anaambiwa achukue vekta ya kawaida, yoyote ile, na alikuwa akichagua anayoipenda. Alipata sapu, mtihani wa marudio, na hakuna aliyejua kwa nini, kwa kuwa mlinganyo wake ulikuwa sahihi siku zote. Ile pembetatu iliyopinduliwa inayotangulia kila kitu, nabla, wanafunzi hunung'unika kuwa jina lake halina maana. Lina maana. Waskoti waliokuwa wakiitania alama hiyo waliona inafanana na kinubi cha kale, na hilo ndilo jina la kinubi hicho kwa Kigiriki. Tangu nilipoanza kuiita kinubi, hakuna anayeisahau.

Niliyomwambia binti wa jirani siku ile yalikuwa machache. Desa abaki nalo, maana ndilo litakalotungiwa mtihani. Asome Schey akiwa amelala chali kitandani, bila kalamu, kama riwaya. Spiegel amsome mezani kwa kipande cha boksi, maswali matano kwa siku, sio 30. Vile kumi na viwili vingine avifute kwenye simu. Hapo aliguna. Kufuta kitabu kunauma hata kama hujawahi kukifungua.

Alirudi baada ya wiki tatu. Nilikuwa na vijana wengine wanne kibarazani, nimeshafika kwa konda wangu wa Rangi Tatu, nimeshamning'iniza mlangoni, nahesabu wanaopanda na wanaoshuka. Akasubiri nimalize.

"Mwalimu, samahani. Konda wako atakosa hesabu."

"Kwa nini?"

"Uso hujaufunga. Umehesabu mlango peke yake. Hapo Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi, nusu ya watu wanaingilia dirishani."

Wale wanne wakaangua kicheko, mmoja akakiri kuwa asubuhi ile yeye mwenyewe alipitia dirisha la nyuma, kwa kutanguliza begi. Binti akaomba kalamu. Akageuza karatasi ya desa upande mweupe, akachora daladala, mlango na madirisha yote, na kwenye kila tundu akaweka mshale mdogo uliosimama wima, ukitazama nje.